Mwongozo wa Kufunga Redio ya Zamani Kwenye Land Rover ya Zamani

Hongera. Umepata Land Rover 109 ya pikapu, umeisukuma ikawaka, na sasa unaona chini ya dashibodi pana nafasi inayodai redio. Umeapa kwamba hapo haitakaa redio ya kisasa yenye vitaa vya rangi saba. Unataka redio ya rika la gari lenyewe, yenye vifundo viwili na sindano inayotembea. Ni uamuzi mzuri. Fuata maelekezo haya kwa utulivu, mpaka pale utakapokata tamaa, ambapo kwa wengi ni kabla ya hatua ya nne.

Kwanza, lijue gari. Usiishie kusema "Land Rover", maana Arusha kila mtu amewahi kuendesha moja, kuisukuma au kulala chini yake. Oktoba 2024 zilikusanywa hapa zaidi ya elfu moja kwa nia ya kuivunja rekodi ya Ujerumani ya msafara wa Land Rover 632, na kila moja ilikuja na mtu anayejua kuliko wewe. Tafuta mwaka. Series II ilitoka 1958, IIA ikafuata 1961, Series III ikaja 1971. Kadi ya gari itakuambia mwaka mmoja, chesisi itakuambia mwingine, na injini huenda ikawa ya Toyota. Ziamini zote kwa kiasi. Onyo: usimrudie aliyekuuzia kumwambia ulichogundua, maana atakuuliza kwa nini unamwambia yeye.

Pili, tafuta redio. Zunguka kwa wauza vyuma chakavu wa mtaa wa Unga Limited, pita soko la Kilombero, kisha ulizia yule mzee ambaye kila mtu anasema ana stoo. Usiende umependeza. Usitamke neno "antiki", bei itapanda huku unaiangalia. Utaambiwa kwamba redio hiyo hiyo ndiyo iliyotangaza Azimio la Arusha, Februari 1967. Usibishe. Redio zote kuukuu zinazouzwa mjini hapa zilitangaza Azimio, na simulizi hiyo imo ndani ya bei. Ila kwa siri yako utazame uso wake. Ikiwa ina mdomo wa kaseti, Azimio lilishapita, kwa sababu redio ya gari yenye kaseti Philips waliiingiza sokoni 1968. Ikiwa ina tundu la USB, labda ilisikia kampeni za juzi. Nyamaza vilevile. Desturi ya soko ni kwamba muuzaji anadanganya kwa adabu na mnunuzi anaamini kwa adabu, na punguzo anapewa yule aliyeonekana kuguswa.

Utaletewa pia redio ya mezani. Philips walikuwa na kiwanda cha kuunganisha redio hapa hapa Arusha, Matsushita wakawa na chao Dar es Salaam kilichotoa National, ndiyo maana stoo za wazee hazikosi mojawapo, na dalali ana hakika kwamba "hii inaingia tu, kaka, ni kukata dashibodi kidogo." Usikate. Redio ya mezani haikutengenezwa kwa kutikiswa, na barabara ya Ngarenanyuki itaipukutisha kifaa kimoja kimoja mpaka libaki sanduku. Redio ya gari ina gamba la bati, ni nzito kuliko inavyoonekana, na umeme wake unaingia kwa waya mmoja wenye kifyuzi katikati. Zile za kale zaidi ni za valvu, vile vichupa vya kioo ambavyo lazima vipate moto kwanza: unaiwasha Sanawari, inaanza kuongea ukikaribia Mianzini. Za transista huongea hapo hapo. Onyo: "inapiga, betri tu ndiyo imeisha" ni kauli ambayo muuzaji huitoa hata kwa redio isiyo na pa kuweka betri.

Kabla hujalipa, soma masafa. Wanunuzi wengi huyasoma wakishafika nyumbani. Redio ya gari iliyokuja na Mwingereza kwa kawaida ina masafa mawili, marefu na ya kati. Masafa marefu huku Afrika Mashariki hayana kituo, kwa hiyo swichi hiyo ihesabu kuwa pambo. Masafa ya kati ndiyo yaliyobeba Radio Tanzania Dar es Salaam enzi zake. Vituo ambavyo mji huu unavisikiliza leo, Radio 5 na wenzake, viko FM, ambako sindano yako haifiki na haijawahi kusikia kwamba kuna huko. Usiku masafa ya kati husafiri mbali sana, basi ukikaa garini saa tano usiku utampata mtu akiongea vizuri kabisa lugha usiyoijua.

Hapo ndipo utakapopewa njia ya mkato: redio "ya zamani zamani hivi" iliyong'olewa kwenye gari la Kijapani, tena ina FM. Ni kweli inayo, ila FM ya redio za Kijapani za zamani inaanzia megahezi 76 na kuishia 90, na vituo vyetu vingi vimeanzia pale ya Mjapani ilipoishia. Kuna kidude cha kuongeza masafa, utauziwa. Ukikifunga, mtangazaji atasema yuko namba fulani na redio yako itasoma namba nyingine. Onyo: mwamini mtangazaji.

Tatu, hakikisha kama bodi ya gari lako ni chanya au hasi. Usiiruke hatua hii. Utairuka. Magari mengi ya Kiingereza ya zamani yalifungwa chanya kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea leo, na Land Rover ziligeuzwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1960. Lakini gari lako limepita mikononi mwa mafundi zaidi ya nusu karne, dainamo ilishang'olewa ikawekwa alteneta ya Corolla, kwa hiyo kitabu hakitakusaidia. Nenda kwenye betri yenyewe. Alama zimefutika, nazo huwa zimefutika daima. Ncha iliyo nene ndiyo chanya. Fuata waya wake kwa kidole. Ukiishia kwenye chesisi, bodi yako ni chanya, na kila mtu atakayekusaidia kuanzia sasa atakuwa anafikiri kinyume chake.

Redio nyingi za zama zile zina kiplagi cha kugeuza, kimeandikwa alama za kujumlisha na kutoa. Kigeuze kilingane na gari. Kama hakipo, fundi hana wasiwasi. Ataizungushia redio nzima mpira wa tyubu ili gamba lake lisiguse dashibodi. Ni kazi safi kuitazama, hasa ikiwa tyubu yenyewe ni ya General Tyre, kiwanda chetu kilichonyamaza siku nyingi, maana hapo kitu cha kale kimevishwa kitu cha kale. Redio itawaka. Mtapongezana. Halafu mtachomeka antena. Sasa tazama: ngozi ya chuma ya waya wa antena imeungana na gamba la redio, na shina la antena limekazwa kwenye bodi ya gari. Chanya na hasi zimekutana kwa mlango wa nyuma, na mpira wa tyubu haukuulizwa. Onyo: fyuzi ingekuokoa, kama isingekuwa imeshabadilishwa na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara.

(Mwenye lori la volti 24 asijione amepona. Atashauriwa achukue umeme wa redio kwenye betri moja kati ya zile mbili, kwa kuwa moja ni volti 12 na redio ni volti 12, hesabu imekaa. Redio itapiga vizuri sana. Betri hiyo itakuwa haishibi, mwenzake itakuwa inachajiwa kupita kiasi, zitakufa zote mbili kwa kupishana, na lori litakapogoma asubuhi ataambiwa betri za siku hizi ni feki.)

Nne, fundi. Ungependa ufanye mwenyewe, lakini ukionekana na bisibisi kwenye gari lako mwenyewe watu watadhani umefilisika. Nenda gereji bubu, chini ya mti, pale penye Land Rover tatu ambazo hazijawahi kuondoka. Fundi wa umeme atakuja, atafungua boneti, atatazama kwa muda, kisha atasema neno ambalo kila fundi wa nchi hii hulisema kabla ya kugusa chochote:

"Nani alikufungia hivi?"

Usitaje jina. Usijitetee. Jibu sahihi ni kushusha pumzi na kusema, "We acha tu, fundi." Hapo mtakuwa mmeelewana. Usimtaje hata kama aliyefunga ni yeye, mwaka juzi, na wewe unakumbuka mpaka shati alilovaa.

Bei usiiulize mapema. Atakwambia, "Tutaelewana tu, bosi," na ni kweli mtaelewana, maana gari litakuwa limeshafunguliwa dashibodi na wewe huna namna ya kuondoka nalo. Ataomba kwanza hela ya vifaa. Vifaa ni solotepu na kitu kingine ambacho hutakiona. Kuna dogo wa kushika tochi, naye ni hela ya soda. Kisha watajitokeza machalii wanne ambao hawafanyi kazi hapo, kila mmoja na maoni yake, na mmoja wao atakuwa sahihi. Hutamjua ni yupi. Fundi anamjua, ndiyo maana hamsikilizi.

Muda wa kazi ni "njoo saa nne." Ukija saa nne, redio iko mezani imefunguliwa, na fundi ametoka kwenda kumwona mtu. Ukipiga simu yuko njiani. Ukikaa utamkuta saa nane, ataketi, atachomeka waya mmoja na kusema, "Nimebakiza kidogo tu." Usimwulize kidogo hicho ni nini. Baadaye atarudisha kila kitu mahali pake na zitabaki skrubu nne. Atakukabidhi zikiwa zimefungwa kwenye kikaratasi, kwa heshima zote, na kukuambia hazina kazi. Zitunze.

Sasa rangi za waya, ambako elimu mbili hugongana. Waya za Land Rover zilipangwa kwa utaratibu wa Kiingereza: kahawia ni umeme wa betri moja kwa moja, nyeupe ni swichi ya kuwashia gari, kijani ni umeme wa swichi hiyo ukishapita kwenye fyuzi, nyeusi ni bodi, nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa. Kwenye redio za kisasa mambo ni mengine: njano ni betri, nyekundu ni swichi ya funguo, buluu ni antena. Fundi aliyejifunzia kazi kwenye Corolla akikuta kipande cha waya za kisasa kimeungwa nyuma ya redio yako na mwenye redio wa tatu kabla yako, ataunga nyekundu kwa nyekundu. Angekosea wapi? Rangi ni ile ile. Tangu siku hiyo redio inawaka ukiwasha taa ndogo, na ukizima taa, taarifa ya habari inakatika katikati ya jina la waziri. Utazoea. Madereva wa hiace watakuonyesha kwa vidole kwamba taa zako zinawaka saa sita mchana. Wapungie mkono. Onyo: usiku ukitaka kimya, itabidi usimame.

Tano, antena. Utapenda ile ya sumaku, kwa sababu haitaki kutoboa. Inunue, ipachike juu ya bawa la mbele, iachie. Itaanguka. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, na sumaku haina habari na aluminiamu. Muuzaji anajua. Atakushauri uiweke kwenye fremu ya kioo cha mbele, ambayo ni chuma, na pale itashika mpaka kwenye tuta la kwanza la Kisongo. Kwa hiyo utatoboa. Ukitoboa, kwangua rangi chini ya nati mpaka metali ing'ae, la sivyo antena inakosa bodi na unabaki na fimbo. Kuna wasiotoboa, wanaochomeka kipande cha waya wa kuanikia nguo na kukipinda juu ya mlango. Hao ndio redio zao husikika vizuri, na mwongozo huu hauwezi kueleza kwa nini.

Sita, kelele. Ikiwa injini yako ni ya petroli, redio itasikia kila cheche ya plagi. Ukiwa umesimama ni tik, tik, tik. Ukikanyaga mafuta inakuwa mluzi. Usilalamike, sasa una kipimo cha mzunguko wa injini, kitu ambacho Land Rover yako haikutoka nacho kiwandani. Ukitaka kuizima, dawa ni kapasita kwenye koili, na koili ina ncha mbili. Kapasita inakaa upande unaotoka kwenye swichi. Ikifungwa upande unaokwenda kwenye distribyuta, redio itakuwa safi kabisa, tulivu, sauti ya kioo, na gari halitawaka. Kuna watu wameishia hapo na wakaridhika. Dainamo nayo, kama bado unayo, ina mluzi wake, na kapasita yake inakaa kwenye ncha kubwa ya kutolea umeme. Ukiifunga kwenye ndogo, kelele itabaki na kuchaji kutavurugika. Mwenye dizeli hana cheche. Ana dizeli.

Twende barabarani. Toka mjini, pita Tengeru (isiwe Jumatano wala Jumamosi, ni siku za soko, utafika kesho), shika Usa River, kata kushoto kupanda Ngarenanyuki kubeba nyanya. Hapa mwongozo unakuombea. Kama ulichukua ile ya Kijapani, ujue FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na kati yako na minara ya mjini sasa pamekaa Mlima Meru, mita 4,566 za mwamba ambao hauna nia ya kusogea. Kituo kitaanza kukwaruza, kitapotea, kitarudi kwenye kona moja kwa sekunde tatu, kitapotea tena. Utapunguza mwendo kwenye kona hiyo. Kila mwenye redio hupunguza, na wenyeji wanaijua, ndiyo maana kuna mama ameweka meza ya ndizi pale pale. Ukizunguka upande wa Oldonyo Sambu kuelekea Namanga huenda ukanasa Wakenya, na utajua bei ya unga Nairobi kuliko ya Kilombero.

Na hata kituo kikishika, pana jambo ambalo fundi, dalali na wale machalii wanne wote walilijua tangu mwanzo na hawakulitaja kwa sababu hukuuliza. Ukifika kilomita sitini kwa saa ndani ya 109, kuna giaboksi, kuna upepo wa kwenye mapengo ya milango, kuna bati linalogonga bati mahali ambapo hakuna aliyewahi kupapata. Redio ya wati tano haina lake pale. Utaongeza sauti mpaka mwisho, na utakachosikia ni kwamba kuna mtu anaongea. Ujumbe wake utausoma kesho kwenye simu.

Ndiyo maana wenye magari ya zamani wenye akili zao hufanya jambo moja ambalo hutaliona ukipita karibu na gari lao pale kwenye maonyesho. Redio iliyo kwenye dashibodi ni gamba. Sindano ipo, vifundo viwili vipo, hata kumbukumbu ya Azimio ipo. Ndani mmetolewa kila kitu na kuwekwa kidude cha Bluetooth, spika iko chini ya kiti, na simu iko mfukoni mwa dereva. Kifundo akikizungusha hakibadilishi chochote, anakizungusha kwa ajili yako.

Mwongozo huu haukushauri ufanye hivyo. Endelea na ile ya kweli: igeuze chanya na hasi, kwangua rangi, hamisha kapasita, mrudie fundi wa pili atakayekuuliza nani alikufungia hivi. Kitu kimoja tu ukishike, maana hicho ndicho kitakachokutofautisha na mgeni. Ukisimama kwenye foleni ya Sanawari na dereva wa jirani akachungulia, akaiona, macho yakamng'aa na kukuuliza kama inapiga, jibu lililokubalika mjini hapa ni hili: "Inapiga sana, kaka. Ila leo sijaiwasha."